Kipimo Chenye Kosa

Ni shida kwa mtu kukipima kipimo anachopimia. Mwenye duka huitazama sukari iliyo juu ya mizani, haitazami mizani yenyewe. Hali hii hudumu mpaka hasara itokee.

Mjomba wangu aliniachia kamera ya zamani itumiayo filamu. Ndani yake mna kipimo cha mwanga: mwanga ukiingia, mshale mdogo husogea ukamwonyesha mpiga picha kiasi cha mwanga kilichopo. Kipimo hicho kiliundwa kwa betri ya zebaki yenye volti 1.35. Nchi nyingi zilikataza betri za namna hiyo kwa sababu zebaki ni sumu, nami nikatia betri ya siku hizi yenye volti 1.5. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini mshale ulisukumwa kupita haki yake, ukanena kuwa mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Nikausadiki. Nilipiga picha za wanafunzi wangu siku ya kuagana. Filamu iliposafishwa, nyuso zao zilikuwa gizani. Siku ile haikurudi.

Nilitaka kuitupa kamera, kisha nikaona afadhali kwanza nijue ukubwa wa kosa lake. Wapiga picha wana kanuni yao: katika jua kali lisilo na wingu, tundu la lenzi likiwekwa kwenye 16, filamu ya kasi ya 100 hutaka kuonyeshwa mwanga kwa muda wa karibu 1/125 ya sekunde. Nilisimama juani nikauuliza mshale. Ukanijibu 1/250, yaani nusu ya mwanga uliohitajiwa. Nikaenda kivulini na kipimo kizima cha rafiki yangu. Kosa likawa lile lile. Basi nikageuza namba ya kasi ya filamu katika kamera kutoka 100 mpaka 50, na picha za nje zikatoka safi. Lakini ndani ya nyumba, wakati wa jioni, kosa lilikuwa jingine kabisa. Huko sikuusadiki mshale tena.

Je, mtu ajuaye kwamba hukumu yake ina kosa, aache kuhukumu? Swali hili lilinifuata mpaka darasani. Nilimwomba mwalimu mwenzangu asahihishe upya insha nilizokwisha kuzisahihisha. Tulipolinganisha, niliona kwamba karibu kila mwanafunzi nilikuwa nimempunja alama 2. Ukali huo ulikuwa wa wote, na kuongeza 2 kuliuondoa. Lakini palikuwa na kosa la pili. Wenye mwandiko wa kupendeza niliwazidishia, na wenye mwandiko mbaya niliwaonea. Msichana mmoja aliyeandika insha bora kuliko zote nilikuwa nimemweka wa 11. Kosa hilo halikuwa na hesabu ya kulisawazisha, kwa maana lilibadilika kwa kila karatasi. Ilinilazimu kuzisoma zote tena, kubishana na mwenzangu juu ya kila moja, na kukiri mbele ya darasa kwamba nilikosa.

Yamkini msomaji atauliza: mwenzangu naye je, hana kosa? Analo. Ndiyo sababu hatukufuata neno lake wala langu, bali tuliyarudia maneno ya insha yenyewe, kama nilivyolirudia jua, ambalo si langu wala la mjomba.

Basi kuwa na kosa si sababu ya kuacha kuhukumu. Ajuaye kosa lake akinyamaza, huwaachia hukumu wale wasiolijua lao. Na wahenga walisema, nyani haoni kundule. Lakini kijana, usitosheke kusema, "Mimi ni mkali," au, "Mimi ni mpole." Tazama kama ukali wako ni ule ule kwa rafiki na kwa adui, kwa tajiri na kwa maskini. Ukiwa ule ule, wajua kiasi cha kuongeza. Ukibadilika kwa sura ya anayesimama mbele yako, usiusadiki mshale wako. Toka nje, ukaupime kwa jua.