Boksi Kabla ya Bloki

Mwanangu, umeniletea boksi kabla ya kuniletea bloki. Silivu nne, yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, pistoni nne, ringi na pini zake, vimefungwa vizuri kwenye nailoni yenye mafuta. Umeviagiza Kariakoo kwa simu, basi likavifikisha Songea, na jingine likavileta hapa Mbinga. Canter yenyewe bado iko barabarani, inafuka moshi wa bluu na kunywa oili, na haijafunguliwa hata boliti moja. Halafu unaniuliza kama silivu hizi ni imara. Nimechoka, ila usidhani ni wewe uliyenichosha. Limenichosha swali. Baba zenu waliniuliza hilohilo enzi za Bedford, na leo mmeingia kwenye magari ya tabo mnaliuliza tena vilevile. Kaa chini. Nitakwenda polepole.

Gari lako lina injini ya 4D34 yenye tabo, na silivu zake ni kavu. Maana yake hazigusi maji. Zimeshindiliwa ndani ya bloki, na mgongo wote wa silivu umeegemea chuma cha bloki. Joto la dizeli inayowaka linatoka kwenye pistoni, linapita kwenye ringi, linaingia kwenye silivu, linavuka kwenda kwenye bloki, ndipo linakutana na maji ya rejeta. Hapo pa kuvuka ndipo injini nyingi zinapofia. Silivu ikilegea hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni, hewa nyembamba inakaa katikati, na hewa ni mbovu kwa kupitisha joto. Ikibanwa mno, inaminywa na kupoteza mviringo wake. Ringi zinakwaruza upande huu na kuacha nafasi upande ule. Wewe ni mtoto wa Kimatengo, umelima mashimo ya ngolo tangu utotoni: unajua mpini uliolegea unavyolichezesha jembe, na unajua mpini ulioshindiliwa kwa hasira unavyochanika. Huku kwetu tofauti hiyo ni ya sehemu za mia za milimita. Ndiyo maana sina jibu la silivu imara. Ipo silivu inayokaa sawasawa kwenye bloki fulani, na bloki hiyo sijaiona.

Tabo inalifanya jambo hili kuwa kali zaidi. Moshi unaotoka unazungusha feni ndogo, feni hiyo inazungusha mwenzake, na huyo mwenzake anashindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, dizeli inazidi, na mgandamizo juu ya pistoni unapanda pamoja na joto. Na sioni mahali tabo inapotumikishwa kama kwenye kupanda kutoka ziwani. Ziwa Nyasa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbinga mjini inazidi mita 1,200, na kati yake ni kilomita 66 za lami yenye kona. Zamani ubovu wa barabara ulikuwa unawazuia. Mlijikokota kwenye tope na mawe, na tabo ilikuwa kama haipo. Siku hizi mnapakia samaki Mbamba Bay usiku, mnataka kuikuta Songea soko halijachangamka, na mguu uko chini kona baada ya kona. Gari linakwenda polepole kwa sababu ya mzigo, kwa hiyo upepo wa kwenye rejeta ni mdogo, huku tabo inasukuma kwa nguvu zake zote. Kwa injini, lami hii imekuwa mzigo zaidi kuliko lile tope. Madereva hawapendi kuambiwa hivyo.

Haya, tulisome boksi lako. Limeandikwa 104. Najua ilivyokuwa: muuzaji aliuliza Canter ipi, ukasema ya tabo, akakupa 104. Ni kweli 4D34 ina kipenyo cha milimita 104, na mwendo wa pistoni wa 115. Lakini 4D32 iliyotangulia ina 104 hiyohiyo, na mwendo wake ni 105. 4D33 ni 108 kwa 115. 4D31 ni 100 kwa 105. Zote ni Canter, zote zimepita hapa zimebeba kahawa. Anayepima mdomo wa silivu peke yake hawezi kuitenganisha 4D32 na 4D34. Urefu wa silivu, unene wa ukuta, kola ya juu, mkato wa chini unaopisha konrodi au jeti ya oili, hayo yote hayamo kwenye 104.

Wenye Land Cruiser nao wasikucheke. 1HZ isiyo na tabo na 1HD-T yenye tabo zote ni milimita 94 kwa 100, ujazo uleule wa sentimita za ujazo 4,164. Kuna watu wanaona usawa huo, wanafunga tabo ya mtumba juu ya 1HZ na kujiona wamemshinda Toyota akili. Mgandamizo wa 1HZ unazidi 22 kwa 1, umepangwa kwa injini inayovuta hewa yenyewe. Toyota alipotaka tabo kwenye ukubwa huo alibadilisha pistoni, hedi na jinsi dizeli inavyomwagwa, akaushusha mgandamizo hadi chini ya 19. Aliyefunga tabo peke yake akija kutafuta silivu ngumu, anatafuta dawa ya ugonjwa aliojipaka mwenyewe.

Kwa hiyo injini ifunguliwe. Silivu za zamani zikitoka, tundu la bloki lipimwe kwa boa geji: juu, katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Bloki iliyowahi kuchemka hupinda, na tundu lake huacha kuwa duara. Gari lako ni la mtumba. Hujui lilifanywa nini kabla halijapanda meli, wala kama fundi fulani alishalipanua tundu moja ili aingize silivu nene. Ukishapata namba za tundu, pima mgongo wa silivu kwa mikromita. Tofauti ya hizo mbili ndiyo kubana kwake, na kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha injini. Usikubali fundi akuambie anakijua kwa mkono, hata fundi huyo nikiwa mimi. Zikikubaliana na bloki, tutazitumia hizi ulizonunua. Zikikataa, risiti unayo, zirudishe.

Kuna silivu zinazokuja zimeshamalizwa, za kuingiza na kupima. Nyingine zimeachiwa nyama ndani, zinachongwa na kuhoniwa zikiwa tayari ndani ya bloki. Kwa injini ya tabo mimi napenda hizi za pili, mradi mtu wa leti awe makini, kwa sababu tundu linanyooshwa likiwa mahali pake pa kazi. Zinachukua siku zaidi, na siku ndizo msizokuwa nazo. Ziingizwe kwa presi. Nikisikia nyundo na kipande cha mti, nitaondoka. Mistari ya kuhoni ibaki inakatana vizuri, kwa sababu humo ndimo oili inamokaa. Silivu iliyong'arishwa ikawa kioo ni nzuri kwa kupiga picha, lakini ringi hazikai. Tena uulize ringi zako zimepakwa nini. Isuzu nyingi za zamani zilikuja na silivu nyembamba za kromu, na ringi ya kromu haiwekwi ndani ya silivu ya kromu. Zitararuana zote mbili.

Umeniuliza pia juu ya chuma, kwa sababu umesikia vijana wakisifia silivu za Marekani. Silivu nyingi ni chuma cha kusubu cha kawaida, kimemiminwa kwenye kalibu inayozunguka kwa kasi. Ndani yake kuna grafaiti, ile nyeusi ya penseli, imekaa kwa vipande bapa. Vipande hivyo vinashika oili na kufanya chuma kivumilie msuguano, lakini ufa ukianza unapata njia ya kupita. Mwaka 1943 Mmarekani mmoja, Keith Millis, alitia magneziamu kwenye chuma hicho na grafaiti ikajikusanya kuwa vidonge vya mviringo. Chuma kikapata uwezo wa kunyumbuka kidogo bila kupasuka. Hicho ndicho wanachotumia watengenezaji kama Darton kwa magari ya mashindano. Igonge silivu ikiwa inaning'inia: chuma chenye vidonge kinalia kwa muda, cha kawaida sauti yake inakufa upesi. Sasa wewe unabeba magunia ya kahawa na samaki kwa presha ileile aliyoipanga Fuso, mwenye kuiunda Canter. Chuma cha kawaida kilichomiminwa vizuri kinakutosha. Hela ya ziada mpe mtu wa kupima.

Wale wa Subaru za tabo ni habari nyingine. Bloki yao ni alumini, na silivu za chuma zimemiminwa humohumo na bloki. Kuzitoa ni kuzikata kwa mashine, na si kazi ya leti ya mtaani. Kwao huwa nasema tafuta bloki nyingine, nao huwa wananuna.

Madereva wa malori ya makaa ya mawe ndio wenye somo la kukufaa, ingawa injini zao ni tofauti. Tangu makaa ya Ngaka yaanze kuchimbwa mwaka 2011, malori yale yamekuwa yakipita hapa kama siafu, na mengi yana silivu za maji. Silivu ya aina hiyo inaogelea: maji yanaizunguka, oringi za mpira zinazuia yasishuke kwenye oili, na kola yake inatokeza kidogo juu ya bloki ili gasketi ya hedi iibane. Pistoni inapoigonga pembeni silivu inatetemeka, vipovu vidogo vinazuka kwenye maji na kupasuka juu ya chuma, na kila kinapopasuka kinang'oa chembe. Baada ya muda unakuta vitundu vimetobolewa kutoka upande wa maji, na mwenye gari anamlaani muuza spea. Dawa ya kupunguza hilo ni kulenti yenye kinga, iliyochanganywa kwa kipimo. Wao wanasimama kwenye daraja, wanachota maji ya mto. Na wewe unachota. Silivu zako ni kavu, sawa, lakini kutu na tope vinavyoganda kwenye njia za maji za bloki vinalizuia joto lilelile linalotoka kwenye silivu.

Jambo ambalo hukuniuliza ndilo ningetaka uniulize. Silivu za kwanza zimekufa kwa nini? Leta ea klina yako tuitazame. Kiangazi, barabara za kwenda kwa wakulima huko Maguu na Litembo zina vumbi laini linaloingia popote, na bomba la mpira lililochanika kati ya ea klina na tabo linatosha kumwagia silinda mchanga. Mchanga hauchagui silivu ya Japani wala ya China. Noseli inayochuruza nayo inaosha oili ukutani na kutoboa pistoni. Tabo inayovujisha oili inatoa moshi wa bluu uleule unaouona, na huenda silivu hazina kosa kabisa. Tukibadilisha silivu na kuacha hayo, mwakani utarudi na boksi jingine, na mimi mwakani sijui kama nitakuwa na pumzi ya kukueleza tena.

Najua unachoogopa. Gari likilala juu ya mawe msimu wa kahawa ukianza, wenzako watakuchukulia mzigo. Ni hofu ya haki, maana chombo kilichofunguliwa wakati mbaya hakiwezi kujitetea. Hapo Liuli, kando ya ziwa, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu ikitengenezwa; Waingereza wakavuka ziwa na meli yao Gwendolen, wakamkamata nahodha ambaye hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, wakang'oa vipande vya mitambo, wakaondoka. Kwa hiyo usifungue katikati ya Juni. Fungua masika, mizigo ikiwa michache, leti haina foleni, na spea isiyofaa ina muda wa kurudi Kariakoo na kuja nyingine.

Ikishafungwa, usiiache ikinguruma bure saa nzima ukidhani unaizoesha. Ringi mpya zinataka mzigo wa wastani ili zikae. Itembeze Kigonsera na kurudi, ukibadilisha mwendo. Oili ya kwanza uimwage mapema, ina vumbi la chuma. Kilomita elfu moja za mwanzo usipandishe mzigo kamili kutoka Mbamba Bay, na kila ukimaliza mlima iache injini iungurume dakika mbili tatu kabla ya kuzima, tabo ipoe ikiwa bado inapata oili. Siku zote hizo endesha wewe mwenyewe. Yule kijana wako anayeendesha usiku mpe likizo.