Toeni Minara Yenu kwa Wavuvi

Ndugu zangu wa Magara, Minago, Rumonge, Mvugo hadi Nyanza-Lac, kila Ijumaa na kila Jumapili tunawaombea walioko ziwani. Dua hiyo ni njema. Lakini yule tunayemwombea, mashine ikimzimikia saa nane za usiku kuelekea rasi ya Ubwari, simu yake haina rezo, na taa yake ni moja tu kati ya taa nyingi majini. Nani atajua? Mkewe atajua asubuhi, wenzake wakishashusha ndagala.

Injili ya Luka, sura ya 5, inasimulia jinsi nyavu za Simoni zilivyojaa samaki hadi zikaanza kukatika. Waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili, nao wakaja kuwasaidia. Ziwa la Genezareti lina urefu wa kilomita 21 tu. Letu, Tanganyika, lina zaidi ya 670, na gizani mkono wa mtu hauonekani. Nanyi mnaoswali, Kurani katika Al-Maida inawaamuru kusaidiana katika wema. Amri hiyo haikuishia ufukweni.

Leo mkono wa kupunga upo, na unaenea kiganjani. Ni redio ndogo ya aina ya LoRa yenye programu ya bure iitwayo Meshtastic, iliyoanza mwaka 2020. Haidai laini wala vocha. Unaiunganisha na simu yako, unaandika maneno machache, herufi mia mbili hivi, nayo inayarusha. Redio nyingine ikiyanasa huyarusha tena, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka yafike nchi kavu. Mtumbwi wa mtu usiyemjua unakibeba kilio chako huku mwenyewe anavuta wavu, hata hajui kwamba anakuokoa. Mimi sijaona chombo kinachotimiza ujirani kuliko hiki!

Sasa sikieni kwa nini nawataka ninyi wenye nyumba za ibada. Antena mbili zilizo mita mbili juu ya maji hufikiana, kwa hesabu ya upeo, kilomita kumi na moja hivi. Zaidi ya hapo mviringo wa dunia unazikinga. Iweke moja juu ya mnara wa mita 20, umbali unapita kilomita 20. Ipandishe kwenye mlima wa nyuma yetu, mita 400 juu ya ziwa, unapita 80. Minara mnayo. Milima Mungu aliisimamisha kabla hatujazaliwa. Na redio ya mnarani huishi kwa betri na paneli ndogo ya jua: haingoji umeme wa Regideso wala mafuta, ambayo nchi yetu imeyasaka miaka hii kwa foleni.

Msiseme mambo haya ni ya mbali. Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, Uganda, kupitia mradi wake wa BOSCO, liliunganisha kambi za waliokimbia vita kwa mtandao usio na waya na umeme wa jua. Jirani zetu wa Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, walipata mtandao wao wa jamii, Pamoja Net. Njia zao zilikuwa tofauti na hii, lakini hawakukaa kungoja kampuni iwaonee huruma.

Nawaonya kwa mambo mawili. Njia hii ni nyembamba: haibebi sauti, na wote wakipiga soga humo itaziba siku ya hatari. Iacheni kwa dhoruba, mashine iliyokufa, mgonjwa na majambazi. La pili ni zito zaidi: msianze kwa kificho. Mpaka wa nchi unapita majini, na redio isiyojulikana mkononi mwa mvuvi inaweza kumtia matatani. Nendeni kwanza ARCT, wasimamizi wa mawasiliano nchini, mkaulize masafa yanayoruhusiwa, mpate kibali cha maandishi, na askari wa majini wajulishwe.

Mapadri, wachungaji, maimamu, kaeni meza moja juma hili. Toeni mnara mmoja Rumonge, mmoja Minago, mmoja Nyanza-Lac. Mwiteni fundi simu wa sokoni. Kazi hii anaiweza. Sadaka ya mwezi mmoja inunue redio za kwanza, na zipewe mitumbwi inayokwenda mbali zaidi. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa taa hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Wafundisheni siku hizo, kabla hawajarudi majini.