Jagi Moja kwa Meza Yote

Mtu anapoacha kinywaji fulani kwa ajili ya Mungu, je, kwa kuacha huko amemaliza wajibu wake, au ndipo kazi inapoanza? Jibu nililofundishwa tangu ubatizo wangu ni la kwanza. Kanisa letu la Waadventista Wasabato halikubali pombe, nasi waumini wa Gatwekera, hapa Kibera, tunatii bila kinyongo. Lakini kabla ya kubatizwa nilifanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya baa ya hoteli moja upande wa Lang'ata. Kazi ile ilinifunza jambo ambalo mimbarini silisikii mara nyingi: mwenyeji anayemnyima mgeni kitu ana deni la kumpa kingine.

Tazama meza ya sherehe hapa Sarang'ombe. Kuna ruracio, yaani sherehe ya mahari, au harusi, hema limesimamishwa karibu na mtaa wa Olympic, viti vya plastiki vimekodiwa, kreti za soda zimepangwa. Mama mwenye kisukari anapewa chupa ya maji, naye anaishika saa tatu nzima huku wenzake wakigonganisha glasi. Kijana aliyeacha chang'aa, pombe kali ya kienyeji, miezi michache iliyopita anapewa soda ileile ya machungwa wanayopewa watoto. Nyuma ya hema wapo wanaume wawili watatu wenye chupa mfukoni. Ukoo ni mmoja na furaha ni moja, lakini vikombe vimewatenganisha, na kila mmoja anajua cha mwenzake kinamaanisha nini. Hapo mimi naona swali la dini kabla sijaona swali la mapishi.

Mtume Paulo alipowaandikia Warumi aligusa jambo hilohilo. Waumini waligombana juu ya nyama na divai, huyu anakula vyote, yule anaogopa. Hakuwaambia wapige kura kujua nani ana haki. Alimtazama aliye dhaifu mezani, akawataka wenye nguvu wajipime kwake. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi kuwaonya wanaokunywa. Ni mara chache tumeisoma tukijiuliza sisi tusiokunywa tumemwandalia nini ndugu aliyeacha jana.

Kibera yenyewe ilikulia ndani ya swali hili. Wanubi walioanzisha makazi haya walikuwa askari Waislamu wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Walipewa msitu huu wakae badala ya pensheni, na mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ikautangaza rasmi kuwa eneo la jeshi. Ardhi walikaa, hati hawakupewa wakati huo, na mshahara ulikwisha pamoja na utumishi. Wanawake wao wakapika pombe kali ya kuuza, na jin ya Wanubi ikajulikana Nairobi nzima. Wapo hadi leo wanaolitaja jambo hilo kwa kuwadharau: Waislamu gani hao? Mimi nawaheshimu wale kina mama. Katazo walilijua vizuri kuliko sisi tunaowahukumu, lakini katazo halikuwaletea unga. Serikali huru nayo ilipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka wa 1980, na kwa miaka 30 sheria hiyo haikukausha hata mtaro mmoja. Mwaka wa 2000 zaidi ya watu 100 walikufa hapa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengine wakapoteza macho. Sheria ya mwaka wa 2010 ikaifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa ya viwango. Tumejaribu kukataza, tumejaribu kuruhusu. Kumpa mtu kitu kingine cha kushika mkononi hatujakujaribu kwa bidii.

Ustadh mmoja wa mtaa wa Makina, rafiki yangu wa siku nyingi, ndiye aliyenifungua macho. Nilimuuliza Mtume wao alikunywa nini. Akanieleza habari za nabidhi: tende au zabibu kavu zinalowekwa katika maji usiku, zinanywewa asubuhi. Hadithi zilizomo katika Sahih Muslim zinasimulia kwamba kinywaji hicho kilinywewa siku hiyo, na ijayo, hadi jioni ya siku ya tatu. Kilichobaki baada ya hapo Mtume mwenyewe hakukinywa tena: alimpa mtumishi au aliagiza kimwagwe. Nikamwambia, "Ustadh, basi ni maji yaleyale. Kilichobadilika ni siku tu." Akasema, "Ndiyo maana lazima mtu ahesabu, mzee." Wanazuoni walibishana sana juu ya mpaka huo. Imamu Abu Hanifa wa mji wa Kufa, aliyefariki mwaka wa 767, aliona vinywaji visivyo vya zabibu vina hukumu tofauti na divai, mradi mnywaji asifike kulewa. Maimamu Malik, Shafii na Ahmad walikataa, na msimamo wao ndio ulioshinda: kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu.

Mimi si Mwislamu na sina haki ya kuamua mjadala huo. Lakini niliondoka pale na wazo ambalo halijaniacha. Nilidhani usafi wa kinywaji umo ndani ya kinywaji: soda ni safi, pombe ni chafu, basi. Kumbe mara nyingi usafi umo katika ulinzi wa mtu anayekiandaa. Ukwaju niliouloweka Alhamisi ni kiburudisho. Nikiusahau kwenye joto la chumba cha mabati hadi Jumapili, unaanza kutoa mapovu na kunuka kama kitu kingine. Hakuna aliyetenda dhambi hapo. Ni siku tu zimepita bila mtu kuziangalia.

Wakristo wenzangu walipata njia nyingine. Mwaka wa 1869 huko New Jersey, Marekani, daktari wa meno Mmethodisti aliyeitwa Thomas Bramwell Welch alichukua mbinu ya Pasteur ya kupasha moto na kuitumia kwenye maji ya zabibu, ili kanisa lipate kikombe cha Meza ya Bwana kisichochacha. Ni kazi ya imani, nami nikishiriki kikombe chetu kisicho na chachu namshukuru. Ila angalia tofauti. Welch aliusimamisha wakati ndani ya chupa, na tangu hapo mtu akaweza kununua kiasi chake dukani, kimefungwa. Nabidhi haifungwi, inamwagwa, inaanzwa upya. Na yale maji ya zabibu, glasi kwa glasi, yana sukari nyingi kuliko soda. Tuliondoa kitu kimoja tukadhani tumemaliza.

Kwa hiyo nikarudi kwenye kazi ya mikono yangu. Ijumaa ni siku yetu ya maandalizi. Jua likizama, Sabato imeingia, na sinunui chochote hadi machweo ya Jumamosi. Jagi langu linafuata ratiba hiyo, nalo linakuwa na umri wa usiku mmoja tu. Maji nachota kwenye kioski cha shirika la SHOFCO, yanayofika kwa mabomba yaliyopitishwa hewani juu ya mapaa ili yasipite mtaroni, nami nayachemsha hata hivyo. Rosela kavu, ile ambayo Sudan na Misri wanaiita karkade, nainunua soko la Toi pamoja na tangawizi, iliki na ndimu. Barafu naletewa Ijumaa jioni na jirani mwenye friji.

Watu wanadhani kokteli isiyo na pombe ni juisi yenye mwavuli wa karatasi. Hapana. Pombe katika glasi inafanya kazi nne: inaunguza koo, inabeba harufu, inakausha ulimi, inakulazimisha unywe polepole. Sukari nayo inatoa uzito na kuficha ukali. Ukiviondoa vyote viwili bila kujaza kazi zao, umebaki na maji ya rangi. Tangawizi iliyotwangwa kwenye kinu inachukua nafasi ya moto. Harufu naitafuta kwenye ganda la chungwa, ile ngozi ya nje tu, ninayoibinya juu ya jagi hadi mafuta yake yaruke. Ukavu wengine wangeutoa kwenye chai nyeusi, lakini kanisa letu halihimizi chai wala kahawa, kwa hiyo nachemsha majani ya mpera, yanayoshika ulimi vizuri kabisa. Uzito unatoka kwenye unga wa ubuyu, usiotiwa sukari wala rangi nyekundu. Mdalasini na iliki vina siri yao: havina utamu, lakini pua imezoea kuvikuta pamoja na vitamu, basi ulimi unaamini. Chumvi kidogo, ile ya ncha ya kisu, inashusha uchungu. Ukwaju nautumia kwa kipimo, kipande cha kidole gumba kwa jagi zima, kwa sababu una sukari yake ya kuzaliwa nayo na mke wangu ana kisukari. Soda maji inaingia mwisho, mbele ya wageni.

Rangi ya kinywaji changu ni nyekundu iliyokolea, na mtu hawezi kukimaliza kwa mkupuo mmoja. Naipenda kazi hii kuliko niliyowahi kuifanya kaunta. Kule nilikuwa natengeneza dawa, ile kokteli iliyopata umaarufu pale mkahawa wa Carnivore, ya vodka, ndimu, na asali iliyozungushwa kwenye kijiti, na watalii waliifurahia. Lakini sikuwahi kumjua aliyekuwa anakunywa.

Mzee mwenzangu kanisani amenipinga, na pingamizi lake ni zito. "Ndugu, pombe tumekatazwa. Sukari nani amekukataza? Kanaani yenyewe iliahidiwa kwa asali. Unaongeza amri, kisha kesho utatuhukumu kwa kijiko cha chai." Naliheshimu neno hilo kwa sababu historia ya dini imejaa watu walioongeza amri hadi neema ikakosa pa kukaa. Sisemi sukari ni dhambi. Ila najiuliza ni kwa nini tulikataza pombe. Kama ni kwa sababu ya jina lake tu, basi mzee ameshinda. Kama ni kwa sababu inamtawala mtu na kumuumiza, basi lazima tutazame kwa macho yaleyale kitu kingine kinachofanya hivyo. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba hata vilivyo halali hatakubali vimtawale. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi karibu gramu 25 kwa siku, kama vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 300 ina karibu gramu 30. Tunamtenga mlevi na kumpa pole mwenye kisukari, ilhali meza yetu wenyewe ndiyo iliyompakulia. Simtakii mtu yeyote hukumu kwa kijiko cha chai. Natafuta jagi ambalo mke wangu atamimina bila kuuliza kwanza lina nini.

Kuna pingamizi la pili, ambalo halikutoka kwa mzee wa kanisa. Lilitoka kwa shemeji yangu wa Kianda, aliyepambana na chang'aa na sasa anakuja kwetu kila Sabato mchana. Mwanzoni jagi langu lilikuwa na pilipili manga iliyopondwa, pamoja na tangawizi nyingi, kwa sababu nilitaka koo lihisi kitu cha mtu mzima. Alionja, akaweka glasi chini, akaniambia kwa upole, "Shemeji, hii ni nzuri sana. Lakini ule moto kooni nauelewa vizuri mno. Unaniita kwa jina langu."

Nilitafakari maneno yake wiki nzima. Anayeiga pombe ili kuwapendeza walioiacha anaweza kuwa anawafanyisha mazoezi ya kurudi. Wengine hawana shida hiyo. Mke wangu alitaka tangawizi izidi, na wajukuu hawajui chochote. Ningeweza kutengeneza majagi mawili, la moto na la baridi, kila mtu achague. Ingekuwa rahisi, na ingenirudisha palepale kwenye vikombe vinavyotenganisha watu. Kwa fundi wa vinywaji ni vigumu kutoa kitu kinachofanya kazi yake vizuri, nami niliona uchungu kweli kukitoa. Pilipili manga imeondoka. Tangawizi imepungua hadi ikawa harufu zaidi kuliko ukali. Mahali pake nimeongeza majani ya mpera na barafu, maana kinywaji kikavu na chenye baridi kali nacho hunywewa polepole.

Bado hakijafika ninapotaka. Mke wangu anasema kimekuwa kitulivu mno, na nadhani yuko sahihi. Ijumaa hii nitajaribu ganda la balungi, nilichemshe kidogo na kumwaga maji yake ya kwanza ili uchungu usizidi, kisha nimpe shemeji aonje kabla ya mtu mwingine yeyote.