Je, Yafaa Kusomea Nyimbo Mpaka Shahada ya Juu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Ama baad.

Nilipokwenda Nairobi kuwazuru jamaa zetu wa Pumwani, mtaa mkongwe wa Waislamu wa mji ule, nililetewa mas-ala ambayo naona yawahusu pia ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi. Baada ya sala ya Isha alinijia mzee mmoja na mwanawe, aliyekwisha pata shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Kijana ataka kuendelea na shahada ya uzamili, na alilokusudia kulichungua ni nyimbo za vijana wa mitaa ya Eastlands. Mzee akasema kwa uchungu: "Sheikh, nimeuza shamba la marehemu baba yangu ili mtoto huyu asome. Leo aniambia kwamba atasomea ngoma. Je, nimridhie?"

Swali hili lina mambo mawili, na wengi huyachanganya. Kuimba na kusikiliza kwa starehe ni jambo moja. Kuzichungua nyimbo ili ijulikane hali ya waimbao na wasikilizao ni jambo jingine.

Katika hilo la kwanza, khitilafu za maulamaa zajulikana. Wako walioharimisha ala zote isipokuwa dufu, na wako waliotazama kwanza maneno, mahali na athari yake moyoni. Sitaraji kuimaliza khitilafu ya karne nyingi kwa safu chache. Lakini maneno machafu na mikusanyiko ya ulevi hayana khitilafu. Ni haramu yakiwa na ala au yasiwe nayo.

Ama la pili, wakale wetu hawakuliogopa. Al-Farabi, aliyefariki 950, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya muziki. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya juu ya kusikiliza, akapima hali moja moja. Ibn Khaldun, aliyefariki 1406, alieleza katika Muqaddima kwamba uimbaji ndiyo kazi ya mwisho kustawi katika ustaarabu, na ya kwanza kutoweka ustaarabu unapoanguka. Basi mwenye kupima afya ya mji hana budi kutega sikio.

Na mambo ya Eastlands si madogo. Katika miaka ya 1990 vijana wa Dandora, waliojiita Kalamashaka, walifoka kwa Kiswahili juu ya dhiki za mtaa wao. Baadaye watoto wetu wa Mombasa, Ukoo Flani, wakaungana na wenzao wa Dandora. Mwaka 2002 wimbo wa Gidi Gidi na Maji Maji, "Unbwogable", neno la Kijaluo lililovikwa kilemba cha Kiingereza kwa maana ya asiyetishika, ulichukuliwa na muungano wa NARC, na KANU iliyotawala tangu 1963 ikashindwa katika uchaguzi. Mzee aliyezidharau nyimbo mwaka ule hakuijua nchi yake.

Wenzetu wamekwisha tutangulia. Mkenya Mwenda Ntarangwi, aliyesomea uzamivu Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alizichungua nyimbo za Waswahili wa Mombasa na kutoa kitabu 2003. Na 2009 akatoa kingine juu ya vijana wafokao wa Afrika Mashariki. Joyce Nyairo naye alizifanyia nyimbo za Kenya tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Taarab yaimbwa katika harusi zetu wenyewe. Je, sisi wana wa pwani tulikuwa wapi?

Litazameni neno lenyewe. Lugha yetu imekiita cheo hiki "shahada", na shahada ni ushahidi. Qur'ani yatuamrisha tuwe mashahidi wa uadilifu hata juu ya nafsi zetu, wala tusiufiche ushahidi. Basi nilimwekea kijana masharti ya shahidi. Asiifanye elimu kuwa kisingizio cha kuacha sala na kukesha penye haramu. Asipendezwe na waimbaji hata akashindwa kusema baya ni baya, wala asiwachukie hata akalificha jema lao. Asiitangaze aibu ya mtu aliyomsitiri Mungu, kwani kusengenya ndani ya tasnifu ni kusengenya vilevile.

Na sharti la mwisho ndilo zito, wala sisikii likitajwa mimbarini. Mtu huingia mtaani na kinasa sauti, akayachukua maneno ya masikini, akapata cheo na mshahara. Na mwenye maneno hapati hata nakala, wala hajui aliandikwa vipi. Twagombana juu ya uharamu wa zeze, na dhulma hii twaipita kimya! Kijana aombe ruhusa, amtaje mwimbaji akiridhia, na alichoandika akirudishe Dandora na Pumwani kwa lugha wanayoifahamu.

Nikamwambia mzee: "Akiyatimiza haya, shamba lako halikupotea."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwuliza mwanawe: "Utanisomea hicho utakachoandika?"

"Nitakusomea, baba."

Naona wameanza vyema. Wallahu aalam.