Jiwe la Kaburi ni la Nani?



Nakuandikia kutoka Mpanda, katika mkoa wa Katavi, mbali na bahari, ambako nimesomesha watoto Qur'ani kwa miaka mingi. Siku moja baada ya salaa ya alasiri alinijia mtu mzima wa makazi ya Katumba. Mtu huyu alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, ilipotokea fitina kubwa ya Burundi mwaka 1972. Watu kama yeye ndio waliopewa ardhi ya Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Na mwaka 2014 wapatao 162,000 katika wao na watoto wao walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Leo ni jirani zetu na wenzetu katika safu ya salaa.

Akanambia: "Sheikh, baba yangu aliuawa karibu na Rumonge, na kaburi lake silijui. Mama alinambia aliuawa bure. Lakini mzee mmoja tuliyetoka naye kijiji kimoja anasema baba alikuwa pamoja na waliobeba mapanga wakaua jirani zao kabla jeshi halijafika. Nataka kumwekea jiwe la ukumbusho makaburini hapa. Je, ninayo haki hiyo?"

Sikumjibu siku ile. Na wewe msomaji usifanye haraka, kwani suala hili ni zito. Mwisho wa Aprili 1972 watu waliinuka kwa silaha katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, wakaua Watutsi wasio na hatia. Kisha serikali ikalipiza kwa Wahutu nchi nzima. Wako wanaokadiria waliouawa kuwa 100,000, na wako wanaofikisha 300,000. Wengi walitiwa mashimoni bila ya sanda wala jina. Mwaka 2020 tume ya ukweli na maridhiano ya Burundi ilifukua mashimo ya Karuzi, ikakuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Basi kwanza tuulize: jiwe la kaburi ni la nini? Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipomzika Uthman bin Madh'un aliweka jiwe kichwani pa kaburi lake ili alitambue, na awazike karibu naye watu wake watakaokufa baadaye. Lile lilikuwa jiwe la kujulishia tu. Halikujengewa kuba, wala halikuandikwa sifa. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamekataza kujenga katika makaburi ya wakfu, kwa sababu ardhi ile ni ya maiti wote. Alama ni ya kumtambua maiti, na kumtambua ni haki yake. Hapa watu hukosea kwa njia mbili.

Kosa la kwanza ni kumsahau mnyonge. Nyinyi wa Pwani mnalo mfano wake karibu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waislamu wanaosema Kiswahili walikuwa upande wa Mjerumani, na Waislamu wanaosema Kiswahili walikuwa keya upande wa Mwingereza, wakauana katika nchi yao kwa ugomvi wa watu wengine. Dar es Salaam yako makaburi ya vita yaliyohamishwa mwaka 1968 kupisha barabara. Wazungu walikuwa na alama zao mmoja mmoja, wakahamishwa na majina yao. Lakini katika sehemu ya Waafrika makaburi hayakuwa yametiwa alama ya kila mtu, basi wakazikwa upya kwa pamoja. Na mwaka 2021 ilichapishwa ripoti ya tume inayotunza makaburi hayo, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Huenda babu yako ni mmoja wao.

Kosa la pili ni kuligeuza jiwe kuwa bendera. Vita vya wenyewe kwa wenyewe havimalizwi na mmoja kurudi kwao ng'ambo. Wote hubakia katika kijiji kimoja na hunywa kisima kimoja. Ukiandika kaburini sifa za wako na ukamkalia kimya uliyemuua, mtoto wa jirani hupita hapo kila siku akasoma kuwa damu ya baba yake si kitu.

Tazama Sayyidna Ali (r.a.) katika vita vya Jamal, mwaka 36 wa Hijra. Ile ilikuwa mara ya kwanza kwa jeshi la Waislamu kupigana na jeshi la Waislamu. Tabari amepokea kwamba vita vilipokwisha, Ali aliwasalia waliouawa wa pande zote mbili. Hakusema kwamba pande mbili zilikuwa sawa, kwani yeye alijua haki iko wapi. Lakini alijua pia kwamba hukumu ya panga imekwisha, na hukumu iliyobaki si yake.

Huenda ukasema: "Je, tukimwombea muuaji hatuwadhulumu aliowaua?" La, ndugu yangu. Dua haifuti haki za waja. Unamwombea baba yako rehema, na haki ya aliyeuawa ingali mbele ya Mola wake, haipungui. Tulichokatazwa ni kuwatukana maiti, kwa kuwa wamekwisha yafikia waliyoyatanguliza. Lakini kuacha kutukana si kusema uwongo. Anayemsafisha baba yake kwa uwongo humzika mara ya pili yule aliyeuawa.

Juma la pili nilimwita yule bwana nikamwambia: "Mwombee baba yako, na umtolee sadaka, hiyo ni haki yake juu yako, awe aliua au hakuua. Kama hujui kwa yakini, usimhukumu wala usimsafishe. Jiwe ni alama ya kaburi, na hapa kaburi hakuna, basi badala ya jiwe fanya khitma. Uwataje wote waliouawa Rumonge mwaka ule, na hao wanaosemwa waliuawa na baba yako. Na yule mzee mwalike."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Hilo la mwisho ndilo gumu, Sheikh." Nikamwambia kwamba ni kweli, ndilo gumu. Alikwenda bila ya kuniahidi kitu. Ilipofika siku ya khitma, yule mzee alikuja, akakaa karibu na mlango, akaitikia amin pamoja nasi.

Basi nawe msomaji, ukizuru makaburi utoapo salamu kwa watu wa nyumba zile, zingatia kuwa salamu hiyo haibagui. Umeamrishwa kuwasalimu wote. Wala usingoje kufa ndipo usameheane na jirani yako.

Wabillahi t-tawfiq.