Mostar: Makaburi Kwanza, Kisha Daraja

Mostar ni mji wa Bosnia na Herzegovina uliojengwa kandokando ya mto Neretva. Umepata jina lake kwa walinzi wa daraja. Daraja lenyewe, Stari Most, lilikamilika mwaka 1566 kwa usanifu wa Mimar Hayruddin: tao moja la mawe, lenye upana wa mita 4 tu, limeruka mto bila nguzo hata moja majini.

Vita vya Bosnia vilipoanza mwaka 1992, Waislamu na Wakroati waliulinda mji bega kwa bega. Mei 1993 walioshirikiana wakageukana. Waislamu walibanwa ukingo wa mashariki, wakazingirwa, na tarehe 9 Novemba makombora ya jeshi la Wakroati wa Bosnia yaliliangusha daraja mtoni baada ya kusimama miaka 427. Lilijengwa upya kwa mawe ya huko huko, likafunguliwa Julai 2004.

Wageni wengi hukimbilia hapo, kuwatazama vijana wanaojirusha mtoni na kupiga picha. Si haramu. Lakini Mwenyezi Mungu, katika Sura Ar-Rum, anawahimiza watu watembee katika ardhi na watazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Na kutazama huko ni kwa moyo, si kwa macho peke yake. Mahali pa kutazamia Mostar ni karibu na Msikiti wa Karadjoz-beg. Bustani iliyokuwapo hapo ilizikiwa watu wakati wa vita. Mawe meupe yamepangwa chini ya miti, na anayesoma maandishi yake huona jambo linalokaza koo: miaka ya kuzaliwa ni mbalimbali, mzee na kijana, ila mwaka wa kufa, kaburi baada ya kaburi, ni 1993.

Mtume (S.A.W.) aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha Akhera, na akafundisha adabu zake: kuwatolea salamu waliolala humo, kuwaombea, kutokalia makaburi. Mwenye kufika pale na asiache machozi yake yageuke chuki. Sura Al-Maida inakataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, na mtoto wa Kikroati aliyezaliwa baada ya vita hana deni la damu ya mtu. Kuacha chuki ndiko kuzito kuliko kuzuru kwenyewe. Mawe ya daraja yalishikamana tena, ilhali hadi leo watoto wa mji huo mmoja, Waislamu na Wakroati, husomeshwa kwa mitaala tofauti.

Basi atakayejaaliwa kufika Mostar na aanzie makaburini. Asome majina taratibu, awasalimie wenyewe, awaombee rehema, na awaombee walio hai wa kingo zote mbili wapatane. Ndipo avuke daraja.