Ukamilifu wa Mkusanyo: Fikra juu ya Sarafu za Fedha za Kale

Wapo watu katika ulimwengu huu ambao hutumia sehemu kubwa ya umri wao kutafuta sarafu za kale za fedha. Hawazitafuti ili wanunulie kitu. Hutoa fedha yao ili wapate fedha isiyonunua chochote. Shabaha yao ni kukamilisha mkusanyo, yaani kupata sarafu moja ya kila mwaka na ya kila kiwanda, pasibaki pengo hata moja kisandukuni. Yafaa tujiulize: jitihada hiyo ina thamani gani? Na je, lipo jambo liwezalo kwa haki kuitwa mkusanyo kamili? Huenda maswali haya yakadhaniwa kuwa ya watu wenye nafasi na mali tu. Sisi twaona kwamba yanamhusu kila anayejali urithi wa taifa, kwa maana makumbusho ni mkusanyo, nyaraka za serikali ni mkusanyo, na hata somo la historia tunalolifundisha darasani ni mkusanyo wa mambo yaliyochaguliwa, mengine yakaachwa.

Mfano ulio maarufu ni ule wa dola ya fedha ya Marekani iitwayo dola ya Morgan, kwa jina la George T. Morgan, mzaliwa wa Uingereza aliyeichora sura yake. Dola hiyo ilitolewa tangu mwaka 1878 hadi 1904, kisha ikatolewa tena mwaka 1921. Ilipigwa chapa katika viwanda vya Philadelphia, New Orleans, San Francisco na Carson City, na katika mwaka ule wa mwisho ikapigwa Denver pia. Mwenye kutaka kuikamilisha hana budi kutafuta sarafu zaidi ya 90, zote zenye uzito mmoja na sura moja, zikitofautiana kwa tarehe na kwa herufi ndogo ya kiwanda tu.

Sarafu hizo hazikutolewa kwa sababu wananchi walizihitaji. Sheria ya mwaka 1878 iliilazimisha serikali ya Marekani kununua kila mwezi fedha ya migodini yenye thamani ya dola milioni 2 hadi 4, na kuifanya sarafu. Wengi waliona sarafu hizo ni nzito mfukoni, wakapendelea noti. Kwa hiyo mamilioni ya dola yalitiwa maguniani na kufungiwa katika maghala ya hazina, yakakaa humo kwa miaka mingi. Ajabu ni kwamba leo mkusanyaji huitukuza zaidi sarafu ile ile iliyolala guniani. Ile iliyotoka, ikapita mikononi mwa mkulima, mchimba migodi na muuza duka, imechakaa uso, nayo huwekwa daraja la chini. Sarafu iliumbwa ili ifanye kazi, na hapa tunaona iliyofanya kazi ikishushwa, na iliyokaa bure ikipandishwa. Taifa lililojifunza kupima utu kwa kazi haliwezi kuipita hukumu hiyo bila kuitafakari.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kulaumu. Mkusanyaji anayo hoja yake, nayo ni hoja nzito. Atasema kwamba anaitafuta sarafu kama ilivyotoka mkononi mwa fundi, ili ufundi wake usipotee. Atasema pia kwamba kama wasingekuwapo watu wa namna yake, vitu vingi vya kale vingekwisha yeyushwa, wala tusingekuwa na la kuzungumza. Wahenga walisema akiba haiozi. Basi hatuna ugomvi na kuhifadhi. Swali letu ni hili: ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa, na ukamilifu wake hupimwaje?

Dola zenyewe zinatufundisha kwamba kisanduku kilichojaa si ushahidi wa ukamilifu. Kwa sheria ya mwaka 1918, zaidi ya dola milioni 270 za fedha ziliyeyushwa, wala haikuandikwa zilikuwa za miaka gani wala za viwanda gani. Vitabu vya kiwanda cha Philadelphia vya mwaka 1895 vinataja dola 12,000 za kawaida, lakini hakuna hata moja iliyopata kuthibitishwa kuwapo. Wakusanyaji hujiridhisha na zile 880 zilizotengenezwa mwaka huo kwa namna ya pekee, nazo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wenyewe. Tena, dola ya New Orleans ya mwaka 1903 ilihesabiwa kuwa adimu mno, na watu wakainunua kwa bei kubwa. Mwaka 1962 hazina ilifungua magunia ya siku nyingi, zikatoka kwa maelfu, bei yake ikaanguka ghafla. Fedha haikupungua uzito wala haikubadilika rangi. Kilichobadilika ni habari waliyokuwa nayo watu. Kumbe sehemu kubwa ya ile thamani ilitegemea kutojua.

Mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Jina la dola lenyewe limetokana na thaler, sarafu ya fedha ya Ulaya iliyopata jina lake karne ya 16 kutokana na Joachimsthal, bonde la migodi ya fedha katika nchi ya Bohemia. Katika ukoo huo huo ndimo ilimozaliwa sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo pwani ya Afrika Mashariki iliijua kwa jina la reale. Katika karne ya 19 sarafu za fedha za nchi mbalimbali zilikutana Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, katika Marekani, walileta nguo tulizoziita merikani, na fedha taslimu pia, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Watu wa pwani walizipa sarafu hizo majina kwa kuziangalia: ile ya Hispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile walizifananisha na mizinga.

Reale ya Maria Theresa inamtia mkusanyaji katika mtihani. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na kwa kuwa wateja wa Uarabuni na Afrika walikuwa wamekwisha kuiamini sura ile, sarafu ikaendelea kutolewa ikiwa na tarehe hiyo hiyo. Mpaka karne ya 20 ilikuwa ikipigwa chapa Vienna, na vilevile Roma, London, Paris na Bombay, na yote ikiandikwa 1780. Basi kwa hesabu ya miaka, apataye sarafu moja amekwisha kamilisha. Je, amekamilisha kweli?

Sarafu ile ilinunua pembe na karafuu. Masonara waliiyeyusha wakafua vikuku na mikufu, ikawa pambo la bibi harusi na akiba ya mjane. Na sarafu ile ile ilinunua watu. Katika soko la Mkunazini, mpaka lilipofungwa mwaka 1873, bei ya mwanadamu ilitajwa kwa reale, na ushuru wake ulihesabiwa kwa kichwa. Fedha haionyeshi alama ya shughuli iliyopitia. Reale iliyolipa mahari na reale iliyomnunua mtoto aliyetoka Nyasa hung'aa sawasawa zikisuguliwa. Hapo ndipo swali letu linapokuwa swali la maadili: je, ni haki kuishika sarafu hiyo, kuisifu kwa uzuri wa sura na uadimu wake, na kuinyamazia kazi yake?

Sisi twasema si haki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hali hiyo huipata mali hata ikiwa imo kabatini, imefungwa kwa kufuli. Reale moja iliyochakaa, ikiwekwa pamoja na maelezo ya ilikotoka na ya yale yaliyonunuliwa kwa sarafu za jinsi yake, ni mkusanyo ulio karibu zaidi na ukamilifu kuliko sarafu mia zinazong'aa bila maelezo. Mtu aweza kupinga kwamba historia ya sarafu moja moja haijulikani. Ni kweli, na kwa sababu hiyo pengo lisifichwe. Mwenye kuandika kwamba hapa hapajulikani amefanya kazi ya ukweli. Mwenye kuliziba pengo kwa sarafu ya kupendeza ameuongopea umma.

Lugha yetu nayo ni hazina ya sarafu. Ndani yake zimo reale ya Mhispania, pesa na rupia za Bara Hindi, hela ya Mjerumani iliyoanza kutumika mwaka 1904, na shilingi ya Mwingereza. Maneno haya hayakuhifadhiwa kwa kufungiwa. Yamedumu kwa kutumiwa, hata mtu husema hana hela bila kuukumbuka utawala ulioileta. Lakini hapo pia tunaona hatari: neno limebaki, na habari yake imetoka katika vichwa vya wengi. Matumizi hulihifadhi neno, ila mafundisho ndiyo huihifadhi maana yake.

Kwa hiyo mzigo huu hauwezi kuachiwa wakusanyaji matajiri peke yao. Ikiwa katika nyumba ya mwanafunzi imo sarafu ya kale, au kikuku cha bibi kilichofuliwa kwa sarafu, na iwapo sonara anangoja kukinunua kwa uzito, mwanafunzi huyo na aulize kwanza: kilitoka kwa nani, kilipatikana kwa kazi gani, kilipita mikono ya nani? Na mwalimu amfundishe kuyaandika majibu yote, hata yale ya aibu. Sonara anaijua mizani yake. Habari ile haina mizani, nayo ikishapotea haitafutiki katika soko lolote.